Kisumu kwa miguu: Mji wenye historia tele na maandishi machache

Mwandishi wetu alizunguka jiji la Kisumu bila gari wala kiongozi, aone kama mgeni anaweza kulisoma peke yake. Alikuta mnara mmoja unaosema, na mengi yaliyonyamaza.

SAA moja na nusu asubuhi, mwendeshaji bodaboda alisimama mbele yangu nje ya stesheni ya reli. "Omera, twende wapi?" Nikamjibu kwamba siendi popote, natembea tu. Alinikagua kuanzia viatu hadi kofia. "Unatembea tu?" Akazungusha pikipiki yake na kuondoka, nadhani akiamini kwamba nimeibiwa nauli.

Kazi niliyopewa na mhariri ilikuwa nyepesi kwa maneno: zunguka Kisumu kwa miguu, usiajiri mtu wa kukuongoza, kisha utuambie kama jiji hili linaweza kujieleza lenyewe kwa mgeni. Huko Lamu, mji ulioingia katika orodha ya turathi za dunia ya Unesco mwaka 2001, au Mji Mkongwe wa Zanzibar ulioingia mwaka mmoja kabla, swali hilo halina haja ya kuulizwa. Mgeni hujipotezea vichochoroni, na hata akipotea anajua amepotelea ndani ya historia.

Kisumu hakuna milango ya kuchonga wala ngome. Ni jiji lenye umri wa mtu na mjukuu wake, lililozaliwa na reli. Wengi hulipitia wakienda Busia, Siaya au Homa Bay, wakala samaki, wakapiga picha ziwani na kuendelea na safari. Baada ya siku mbili za kutembea nimeona kwamba hawa wanapitwa na mengi. Nimeona pia kwamba si kosa lao.

Reli iliyofika Uganda

Anza stesheni, kwa sababu jiji lenyewe lilianzia hapo. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika ukingoni mwa ziwa Desemba 1901. Msumari wa mwisho ulipigwa na Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston aliyesimamia utandikaji wa reli, na mahali hapa pakaitwa Port Florence. Jina hilo halikudumu. Wenyeji walikuwa na lao tangu zamani: kwenda *kisuma* kulikuwa kwenda kubadilishana chakula na bidhaa, na pwani hii ya ziwa ilikuwa soko kabla ya mzungu wa kwanza kuiweka katika ramani.

Kuna jambo ambalo watoto wa shule wangelipenda kama lingeandikwa kwenye ukuta wa stesheni. Watu huuliza kwa nini reli iliyoishia Kenya iliitwa Reli ya Uganda. Jibu ni kwamba ilipofika Kisumu, ilikuwa imefika Uganda kweli. Eneo hili lote lilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda hadi mwaka 1902, Waingereza walipochora mpaka upya na kulihamishia upande huu. Sikuliona limeandikwa popote.

Wala sikuona lolote kuhusu Wahindi takriban 32,000 walioletwa kwa mikataba kujenga reli hiyo. Karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Wengi wa waliosalia walirudi kwao, na maelfu kadhaa walibaki. Baadhi ya waliobaki ndio waliofungua maduka ya kwanza ya mji huu.

Mji wenyewe ulihama. Nyumba na maduka ya mwanzo yalikuwa ng'ambo ya kaskazini ya ghuba, upande uliko uwanja wa ndege leo, kisha kuanzia 1903 ukahamishiwa kwenye mwinuko wa kusini tunaoujua. Kwa hiyo anayesema anataka kuona "Kisumu ya zamani" aulizwe kwanza: ya upande upi?

Kutoka stesheni hadi bandarini ni mwendo mfupi, lakini ukifika langoni utaishia hapo. Ni eneo la serikali lenye walinzi, na kamera ni heri uiache mfukoni. Nilichungulia kupitia uzio kama mtoto nje ya uwanja wa mpira. Hapa ndipo meli ndogo William Mackinnon iliunganishwa na kushushwa majini mwaka 1900, baada ya vipande vyake kuletwa kutoka pwani, vingi vikiwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, na safari hiyo ikachukua miaka. Hapa ndipo, katika miaka ya 1930, ndege za majini za Imperial Airways zilitua zikiwa njiani kati ya Uingereza na kusini mwa Afrika. Abiria wa London alikanyaga Kisumu akitokea juu ya maji.

Meli ya MV Uhuru, iliyoundwa Scotland katika miaka ya 1960 ili kubeba mabehewa ya treni, ilikaa miaka mingi bila kazi kabla ya kufufuliwa. Bandari nayo ilikarabatiwa, na treni ya abiria kutoka Nairobi ikarejea mwishoni mwa mwaka 2021. Ni habari njema, lakini zilikuja na gharama ambayo haitajwi kwenye hotuba. Vibanda vya samaki vya Lwang'ni, vilivyokuwa mlo wa mchana wa nusu ya mji, vilibomolewa ili kupisha ukarabati. *Lwang'ni* ni nzi kwa Kijaluo. Jina lilikuwa la mzaha na chakula kilikuwa kitamu. Februari 2021, kwa sababu ya reli hiyo hiyo, familia za Wanubi wa Kibos zilibomolewa nyumba katika ardhi waliyoishi kwa vizazi.

> Abiria wa London alikanyaga Kisumu akitokea juu ya maji.

Mnara mmoja unaosema

Mtaa wa Oginga Odinga ndio uti wa mgongo wa mji wa kale. Ukiupanda kutoka upande wa ziwa, inua macho juu ya mabango ya simu na benki. Juu ya maduka utaona maghorofa ya wafanyabiashara wa Kihindi: baraza lenye nguzo, madirisha ya mbao, plasta iliyochongwa kwa mkono. Chini ni simu na viatu, juu ni karne iliyopita. Ni lazima uinue macho, na kuinua macho katika mtaa huu wenye tuktuk kunahitaji ujasiri.

Kisha unafika kwenye mnara wa saa. Huu ndio ukurasa pekee wa historia niliokuta umeandikwa vizuri katikati ya jiji. Ulijengwa kumkumbuka Kassim Lakha, aliyewasili Afrika Mashariki mwaka 1871 na kufariki Kampala mwaka 1910. Waliousimamisha ni wanawe: Mohamed, Alibhai, Hassan na Rahimtulla. Gavana wa Kenya, Sir Robert Brooke-Popham, aliuzindua Agosti 19, 1938.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyopanga. Fikiria: mtu aliwasili miaka 30 kabla ya reli, akafa mji mwingine, na miaka 28 baadaye wanawe wakamjengea saa ili kila mpita njia alisome jina lake. Ni tendo zuri la watoto kwa baba. Pia ni somo kuhusu jinsi historia ya mji huu ilivyoandikwa. Aliyekuwa na fedha na kiwanja aliandika. Mpagazi aliyebeba kipande cha meli kutoka Mombasa hakuwa na mwana wa kumwekea saa mjini.

Baada ya mnara, mji unarudia kunyamaza. Msikiti wa Jamia katika Mtaa wa Otieno Oyoo, ambao wenyeji huutaja kuwa wa mwaka 1919, mgeni ataupita asijue kama ni wa jana au wa karne iliyopita. Hekalu za Wahindu na Masikh na jamatkhana ya Waismailia ziko umbali wa kutembea, kila moja na lango lake na bawabu wake. Ukiomba kwa adabu na kuvua viatu utaingia, lakini lazima ujue kwanza kwamba ziko.

Kinachosaidia ni majina ya barabara. Achieng' Oneko, aliyeshtakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta. Obote wa Uganda. Accra, kutoka enzi ambazo Ghana ilikuwa taa ya kila Mwafrika. Gor Mahia, mganga wa Kanyamwa ambaye wengi leo wanamjua kama timu ya kandanda. Mtu mwenye simu na subira anaweza kutembea katikati ya Kisumu akasoma siasa za nusu karne kwenye nguzo za mitaa. Na kutoka mtaa wa Oginga Odinga hadi barabara ya Jomo Kenyatta ni dakika chache tu kwa mguu. Shika hilo, nitalirudia.

Kutembea kwenyewe kumekuwa rahisi. Kabla ya mkutano wa Africities wa Mei 2022, barabara kadhaa za katikati zilipanuliwa njia za miguu. Wachuuzi wa mitumba na waendesha bodaboda walizipenda njia hizo kuliko sisi waenda kwa miguu, na sina ugomvi nao. Mchuuzi ndiye aliyenionyesha karibu kila kitu nilichokiona siku hiyo.

Dunga: Kiongozi au ramani?

Mchana niliteremka kusini, nikapita Hifadhi ya Impala, kipande kidogo cha pori kilichotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1992, ambako viboko wa ziwani huja kula majani usiku. Nikaendelea hadi ufuo wa Dunga. Hapa ngege na mbuta hushushwa, wanawake hupanga bei wakiwa wamesimama ndani ya maji, na ukipanda mashua unaingia kwenye mafunjo yenye ndege ambao watu husafiri kutoka ng'ambo kuja kuwaona. Siku nyingine gugumaji huziba ghuba yote na mashua hukwama. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi likameza sehemu za ufuo.

Hapa ndipo mjadala wa makala haya ulipochemka. Vijana wa Dunga wanaopeleka wageni ziwani na mafunjoni hawakufurahishwa hata kidogo na wazo la mgeni kutembea peke yake. Hoja yao ina uzito. Anayetembea na ramani ya simu hanunui kitu ila soda. Anapiga picha za watu wakiparuza samaki, kisha anaondoka. Wao wamejifunza majina ya ndege, wameokota plastiki ufukweni, na wanajua nyumba ya nani ilikuwa wapi kabla ya maji kupanda. Maarifa hayo ni mtaji wao wa pekee. Ukiyaandika kwenye kibao, wanasema, umeyatoa bure.

Upande wa pili wako watembeaji. Mwanafunzi wa chuo mwenye nauli ya matatu tu hawezi kulipa kiongozi. Mama anayemrudisha mwanawe aone alikozaliwa hataki kuharakishwa. Wako pia Wakisumu wenyewe, na hawa ndio wengi: mtu aliyeishi Nyalenda au Manyatta maisha yake yote hataajiri kiongozi amwonyeshe mji wake. Kibao ukutani kingemfaa yeye kuliko mtalii.

Mimi nilianza nikiwa upande wa watembeaji. Nikaishia kumlipa kijana mmoja anipeleke kwa mashua, na katika saa moja alinieleza zaidi ya nilivyookota asubuhi nzima. Lakini hilo halibadilishi mawazo yangu kuhusu vibao. Kibao husema mwaka na jina. Nani alimkopa nani, na kwa nini ukoo fulani ulihama, hakuna kibao kitakachokuambia. Mgeni akisoma kibao ndipo anapopata swali la kumuuliza kiongozi. Tazama Mombasa: Fort Jesus ina maelezo kila chumba, na viongozi bado wanapata riziki langoni.

> Mtu aliyeishi Manyatta maisha yake yote hataajiri kiongozi amwonyeshe mji wake.

Nani aweke jiwe?

Tatizo kubwa zaidi liko kwingine. Nani ana haki, na nani ana wajibu, wa kuandika?

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa serikali ya kitaifa turathi na makaburi ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, na ikazipa kaunti shughuli za utamaduni, zikiwemo makavazi. Kuna pia Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006, inayomruhusu waziri kutangaza jengo kuwa turathi kupitia gazeti rasmi. Katika karatasi kila kitu kina mwenyewe. Barabarani, jengo la miaka ya ishirini linaweza kuvunjwa Ijumaa jioni na Jumatatu ukakuta mabati.

Wenye majengo nao wana hofu yao, na haifai kudharauliwa. Jengo likitangazwa turathi, mwenyewe hawezi kuligeuza apendavyo. Kiwanja katikati ya Kisumu ni mali, na ghorofa mbili za zamani hazilipi kodi kama ghorofa kumi mpya. Anayetaka lihifadhiwe aseme pia nani atalipia paa.

Halafu kuna swali gumu kuliko fedha. Mwaka 2014 jamii ya Masikh ilisimamisha mnara wa kuadhimisha miaka 100 ya hekalu lao mjini. Wakazi waliandamana, wengine wakidai ni sanamu ya kuabudiwa, na mnara ukaondolewa barabarani. Unaweza kuwalaumu waandamanaji, nami nawalaumu kiasi. Lakini jiulize walichokuwa wameona hadi siku ile: katika mji wa Wajaluo, wajukuu wa wapagazi na wavuvi hawakuwa wamewahi kuona jiwe linalosimulia habari za babu zao, na sasa linakuja jiwe jingine la watu wengine. Mji wenye mawe kumi haugombanii jiwe la kumi na moja.

Asubuhi ya pili

Siku ya pili nilianza Makavazi ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980 kwenye barabara ya kwenda Nairobi. Kama una saa moja tu mjini, itumie hapa. Nje kuna Ber-gi-dala, boma kamili la Kijaluo: nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, ikitazama lango, za nyachira na reru kando yake, simba ya kijana karibu na mlango wa boma, na siwindhe, nyumba ya bibi ambamo watoto walilala wakisikiliza hadithi. Kila nyumba ina mahali pake na sababu yake. Ukitoka hapo utaelewa kwa nini Wajaluo huita mji huu *dala*, nyumbani, na kwa nini jabali refu lililo kwenye barabara ya Bondo linaitwa Kit Mikayi.

Baadaye nikafuata barabara ya Kakamega, nikapita soko la Kibuye, nikielekea Kondele, hadi hospitali ambayo kila tuktuk huiita Russia. Jina rasmi ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, enzi ambazo Odinga alikuwa rafiki wa Moscow na Kenyatta alikuwa ameanza kumtilia shaka.

Jumamosi, Oktoba 25, 1969, Rais Kenyatta alikuja kuifungua. Miezi mitatu kabla, waziri Tom Mboya alikuwa ameuawa Nairobi na kuzikwa kisiwani Rusinga, na majonzi ya Nyanza yalikuwa bado mabichi. Mbele ya umati, Kenyatta na Odinga walirushiana maneno makali. Mawe yakarushwa, na msafara wa rais ulipokuwa ukiondoka walinzi walifyatua risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Makadirio mengine ni makubwa zaidi, na watoto walikuwa miongoni mwao. Ndani ya siku tano Odinga alitiwa kizuizini, na chama chake cha upinzani, KPU, kikapigwa marufuku.

Siku ile iliigeuza siasa ya Kenya kwa miongo mitano. Katika jiji hili hakuna mahali pazito kuliko hapa. Nilizunguka langoni, nikatazama kuta, nikamuuliza mlinzi, nikamuuliza mama anayeuza maandazi. Mama alijua. Alikuwa mtoto wakati huo, na aliniambia kwa sauti ya chini upande ambao watu walikimbilia. Nilichokuta kimeandikwa ni saa za kuwaona wagonjwa.

Yule mwenye jina hospitalini na yule mwenye jina barabarani walitengana hapa, na katikati yao walianguka watu ambao sikuona majina yao popote. Familia ya Kassim Lakha ilihitaji miaka 28 kumwekea baba yao kumbukumbu. Tangu Oktoba 1969 imepita zaidi ya miaka 50.

Kwa anayetaka kutembea: ondoka mapema, kwa sababu jua la saa sita ni kali na mvua ya jioni haina adabu. Vaa viatu vya kufunga, beba maji, na muulize mtu kabla ya kumpiga picha. Stesheni, bandari na mnara wa saa ni asubuhi moja. Dunga ni alasiri, na mlipe kijana wa mashua.

Na kwa Mkisumu anayesoma haya: kama nyumbani kwenu kuna jina la mtu ambaye hakurudi kutoka Russia siku ile, liandike pamoja na umri wake na kijiji chake, ulipeleke Makavazi. Yako kwenye barabara ya Nairobi.